Bado Hatujazikwa

Kaka yangu mpenzi,

Shikamoo. Itikia kwa kichwa tu, mimi huku nitakuwa nimepokea. Natumaini barua hii inakukuta umekaa upande wa jua, kidonda kimekauka, na kile kitambaa cha shingoni hakikuwashi tena kama Mama mdogo alivyonieleza mara ya mwisho. Ameniambia pia kwamba unakula vizuri, unatembea hadi barabarani na kurudi bila kushikwa mkono, na kwamba umewafunga majirani wote drafti hadi hakuna anayetaka kucheza nawe. Nilifurahi sana. Mtu anayewafunga wenzake drafti bila huruma bado ana hamu na dunia.

Sisi hatujambo. Mama hajambo, ila magoti ndiyo yanayomtawala. Anaamka na mipango yake, magoti nayo yana mipango yao. Shemeji yako amenunua viatu vya kukimbilia, na mpaka leo vimekimbia mara moja tu, kutoka dukani hadi chini ya kitanda. Wapwa zako wanakuamkia. Yule mkubwa amenipita urefu, basi siku hizi akinisalimia anainama kidogo kama mtu anayeongea na kisima. Mimi bado nasaga vioo vya miwani pale pale kwa daktari wa macho, mbele ya dirisha lile lile, na vumbi la vioo bado linanifuata nyumbani kwenye mikunjo ya mikono.

Ninakuandikia kwa kuwa simu yako umeizima tangu ulipotoka hospitali. Sikulaumu. Mtu aliyeishi kwa sauti yake, kisha ikaondolewa, simu lazima imchefue. Lakini huku kuna mambo yametokea, tena makubwa, na wewe umo ndani yake kuliko unavyojua. Sitaki uyasikie kwa watu kabla hujayasikia kwangu. Kaa vizuri.

Yote yameanzia kwenye mdomo wa Mwalimu. Unamjua mpiga dramu wetu: darasani hawezi kufundisha hisabati bila kugonga meza kwa vidole, na wanafunzi wake nasikia wanajumlisha kwa mapigo. Jioni moja alikuwa anatoka shuleni, redio ya gari iko wazi kwenye kile kipindi cha albamu mpya za magitaa. Mtangazaji alikuwa anaisifia bendi changa iitwayo Paa la Bati, na albamu yao ya kwanza, Tunavuja. Akasifu magitaa yao, akasifu kelele zao, kisha akasema vijana hao wameliokota gitaa pale lilipoangushwa na marehemu Nyuzi Sita.

Marehemu, Kaka! Sisi!

Mwalimu aliegesha gari kando ya barabara, akapiga simu redioni. Wakamwunganisha hewani wakidhani ni msikilizaji wa kuomba wimbo. Akasema yeye ni mmoja wa hao marehemu, anapiga simu kutoka kaburini, na mtandao wa huko ni mzuri kuliko wa mjini. Mtangazaji alicheka mpaka akakohoa, akaomba radhi, halafu akamwuliza swali moja: "Basi mzee wangu, kama mko hai, albamu yenu mpya iko wapi?" Na Mwalimu, mtu anayewatoa watoto darasani kwa kusema uongo, akajibu mbele ya taifa zima kwamba albamu iko jikoni na inakaribia kuiva.

Jikoni kwenyewe kulikuwa hakujawashwa hata moto.

Kesho yake alikuja na Mzito dukani kwa daktari, ninapofanya kazi. Huyo naye unamjua, mwembamba kama ufagio, na jina hilo tulimpa kwa sababu ya besi yake. Siku hizi anaendesha lori lenye jokofu, anapeleka maziwa kwenye maduka, na anavaa sweta hata jua likiwaka. Walisimama mbele ya kaunta kama watoto waliovunja kioo cha jirani. Mwalimu akaeleza alichokisema redioni. Nilikuwa na hasira ya kumtupia miwani ya mteja. Kisha Mzito akasema kwa upole kwamba kila anaposhusha maziwa anajikuta anapiga besi kwenye makreti kwa vidole, na kwamba kama uongo wa Mwalimu unaweza kugeuzwa ukweli kwa kazi, yeye yuko tayari kufanya kazi. Nilimwangalia, nikaziangalia kucha zangu za mkono wa kushoto. Zilikuwa ndefu. Mpiga gitaa mwenye kucha ndefu mkono wa kushoto ameshaacha, hata kama hajamwambia mtu. Nikavuta mkasi wa kukatia vitambaa vya miwani, nikazikata pale pale kaunta mbele yao. Hilo ndilo lililokuwa jibu langu.

Tukaanza. Nyimbo hatukuzitafuta mbali: zilikuwa zile ulizotuletea mazoezini mwaka ule kabla koo halijaanza kukusumbua. Hakuna aliyekuwa ameziandika popote, lakini tulipokaa sebuleni kwangu, Mzito akapiga mapigo manne ya besi, maneno yalikuja yenyewe, mmoja akikwama mwenzake anamalizia. Mama alikuwa chumbani kwake akatuma mjukuu atuambie kwamba ubeti wa pili wa ule wimbo wa mama wa kambo tunaukosea. Alikuwa sawa. Miaka yote ile aliyosema kelele zetu zinamuumiza kichwa, alikuwa anasikiliza.

Kampuni ile ya zamani iliyotoa albamu zetu ilitupokea kwa mikono miwili. Meneja sasa si yule mzee. Ni kijana nadhifu, anavaa shati lisilojua jasho, na studio yao imejaa vioo na ubaridi. Alisema huu ni mwaka wa magitaa, watu wamechoka kusikia kompyuta zikipiga ngoma, wanataka nyuzi na vidole. Akatupa siku za kurekodi. Tukapiga ala zetu zote vizuri, tukaacha nafasi ya mwimbaji, na hapo ndipo shida ilipoanza.

Walituletea waimbaji wa kujaribu. Wa kwanza alikuwa anakuiga wewe hadi kukunja nyusi. Wa pili alikuwa na sauti kubwa safi, lakini aliimba mapenzi kama mtu anayetangaza mabasi yanayoondoka. Wa tatu alifika, akasikiliza, akasema kwa adabu kwamba nyimbo hizi zina mwenyewe, akaenda zake. Nilimheshimu huyo.

Siku moja Meneja akatuita akisema ana zawadi. Tukaketi kwenye yale makochi yao yanayommeza mtu. Akabonyeza kitu, na chumba kizima kikajaa sauti yako.

Kaka, ulikuwa ni wewe. Ulikuwa unaimba ule wimbo wa barabara ya vumbi, maneno yote, na pale kwenye "nirudishie" ukalivuta lile neno kama ulivyokuwa ukilivuta wewe tu, kama mtu anayefungua mlango uliokwama. Mzito alifunika uso kwa sweta lake akalia bila kificho. Mwalimu akauliza umerekodi lini, na kwa nini hatukuambiwa. Meneja akatabasamu. Akasema hukurekodi. Kompyuta imelishwa albamu zetu zote za zamani ikajifunza sauti yako, na sasa inaweza kuimba chochote. Akasema hata ikitakiwa kukohoa itakohoa.

Niliomba apige tena. Nilisikiliza nimefumba macho, na mara hii nikasikia kilichokuwa kinanisumbua. Haikupumua. Unakumbuka wale mafundi mitambo walivyokuwa wakikugombeza, kwamba kabla ya kupanda juu unavuta pumzi kwa kishindo hadi inaingia kwenye maiki? Hiyo sauti ilipanda juu bila kuvuta chochote. Haikutoka popote wala haikwenda popote. 

Nikasema hapana. Meneja akasema kwa utaratibu kwamba si mimi wa kusema ndiyo au hapana. Sheria inataka ukubali mwenyewe, na akanipa karatasi ya kukuletea. Akaongeza kwamba kampuni haitatoa albamu ya Nyuzi Sita bila sauti ambayo watu wanaijua. Tukatoka nje, tukasimama kwenye maegesho, na hapo tukagombana kama hatujawahi kugombana. Mwalimu alisema wewe ndiye mwenye sauti, uulizwe wewe. Alisema pengine ni faraja kwako, pengine unalala ukiiota. Mimi nikasema upuuzi. Akaniambia, "Amepoteza koo, dada, hakupoteza akili. Ana mikono ya kuandika ndiyo au hapana." Mzito alikuwa katikati yetu ameshika funguo za lori, anatuangalia kwa zamu.

Nikawaambia nitakuuliza. Baadaye katika wiki hiyo nikawarudia na jibu, na jibu lilikuwa hapana. Hilo jibu lilipatikanaje, nitafika huko. Nakuomba usiruke kurasa.

Mwalimu aliposikia kwamba umekataa, alisema tu, "Basi. Kaka amesema." Akarudi kwa Meneja yeye mwenyewe, akamrudishia karatasi. Meneja akatupa mkono wa kwaheri kwa ncha za vidole, na milango ile ya vioo ikajifunga nyuma yetu yenyewe bila sauti. Hatukuwa na studio, hatukuwa na mwimbaji, na redioni mtangazaji alikuwa bado anawaambia watu kwamba marehemu wako jikoni.

Sasa nikuletee habari za Sindano. Huyu ni binti anayeongoza Paa la Bati. Anaimba na kupiga gitaa, na mchana anashona foronya za magodoro kwenye karakana moja nyuma ya soko la mbao. Jina amelipata huko. Alikuja dukani kupima macho, maana uzi ulikuwa umeanza kumpiga chenga, na nilipokuwa namjaribisha fremu akaniangalia vidole, akaona alama za nyuzi. Akanitambua. Alisimama, akanipigia goti nusu, akaniomba msamaha kwa yale ya redioni, kwamba wao hawakumtuma mtangazaji atuzike. Nilicheka. Nikamwambia hata mimi mwenyewe nilikuwa nimeanza kujiandalia sanda.

Tukaongea. Nikamweleza ya Meneja, bila kukusudia, unajua jinsi mtu anavyoweza kumweleza mgeni mambo ambayo nyumbani ameyafunga. Akanisikiliza na fremu mbili usoni, moja juu ya nyingine. Mwisho akasema albamu yao wameirekodia karakanani siku za Jumapili, mashine zikiwa zimelala. Mwenye karakana ni mtu wa magitaa, naye hana neno. Akasema, "Mama, kwenye magodoro hakuna mwangwi. Ukipiga nyuzi, unasikia nyuzi tu. Njooni."

Tulikwenda. Natamani ungepaona. Magodoro yamepangwa hadi darini, meupe, bado yana nailoni, na katikati wameacha kiwanja cha kutosha watu sita. Maikrofoni zinaning'inia kwenye kamba za kufungia mizigo. Ukipiga makofi mle ndani, kofi linakufia mkononi. Mwalimu alipoona dramu zake zimewekwa juu ya godoro la mtoto lenye picha za ndege alitaka kuondoka. Alipopiga pigo la kwanza akapiga na la pili, akasema lile neno lake la darasani: "Endelea."

Si kwamba tulipatana mara moja. Mwalimu alisema vijana wanapiga kama wanaofukuzwa na nyuki. Wao walisema sisi tunatumia muda mwingi kufunga nyuzi zilingane kuliko kupiga. Kijana wao wa dramu akamwomba Mwalimu amwonyeshe ule mzunguko wa wimbo wetu wa kwanza, na Mwalimu akamwonyesha kwa majivuno, na kijana akaupiga kwa kasi maradufu bila kukosea. Mwalimu akavua koti. Jumapili iliyofuata alikuja amejifunza kuupiga kwa kasi hiyo, na mgongo ukamkamata. Tukamlaza kwenye godoro. Angalau hapo hatukukosa kitanda.

Tukarudia kupiga ala zote upya. Kwa ajili ya kushikilia nafasi tu, ili wengine wajue tumefika ubeti gani, mimi nilikuwa naimba. Naimba hivi hivi, chini chini, gitaa mkononi, bila kujali. Ilikubaliwa kwamba sauti ya kweli itakuwa ya Sindano. Na aliimba, Kaka, akaimba vizuri mno. Ule wimbo wa barabara ya vumbi uling'aa. Sote tukapiga makofi yasiyosikika. Lakini yeye hakufurahi. Akavua zile spika za masikioni, akasema, "Hapana. Mimi hapa naimba habari za watu wengine. Anayejua nani alikuwa anarudishwa na kwa nini, ni mama huyu hapa." Akafungua ile sauti yangu ya kushikilia nafasi, akaipiga kwa nguvu, mimi nikitaka kuzama chini ya magodoro.

Si sauti nzuri. Sitakudanganya. Inakwaruza, na kwenye ncha ya juu inatetemeka kama glasi iliyowekwa kwenye ukingo wa meza. Lakini ilikuwa inajua inachokisema. Mzito akaitikia kwa kichwa polepole. Mwalimu akaniambia nisiimbe kama wewe, nisiimbe kama Sindano, niimbe kama mtu aliyekuwepo. Nilikataa. Nilikwenda nyumbani nimekasirika, nikapika nimekasirika, shemeji yako akaniuliza kosa lake ni nini. Nikamwambia wanataka niimbe. Akasema kwani si kila siku unaimba ukiosha vyombo, na hakuna aliyehama.

Jumapili iliyofuata niliimba. Niliwaambia wazime ubishi, wasinisifie, wasinionee huruma. Nikaimba wimbo mmoja hadi koo likawaka, nikanywa maji ya moto, nikarudia. Wiki baada ya wiki. Dukani nilikuwa nasaga vioo huku nafanya mazoezi ya pumzi hadi daktari akaniuliza kama nina pumu. Niliazimia, Kaka. Sijawahi kuazimia hivyo juu ya jambo lolote tangu siku nilipokuambia utotoni kwamba nami nitapiga gitaa na wewe ukanipa la kwako lililopasuka. Na tulimaliza. Jina la albamu amelitoa Mwalimu, na hakutaka majadiliano: Bado Hatujazikwa. Paa la Bati nao wamemaliza ya pili. Tumekubaliana zitoke siku moja, na onyesho tulifanye pamoja pale pale karakanani, watu waketi kwenye magodoro.

Sasa nafika pale nilipokuwa nakukwepa.

Wiki iliyopita mtangazaji alimwita Mwalimu studio, akapiga wimbo wetu mmoja. Simu zikaingia nyingi. Kisha akauliza kuhusu wewe. Mwalimu akaeleza yote: kompyuta, Meneja, karatasi. Akasema, kwa ile sauti yake ya mahafali, kwamba mwimbaji wetu, akiwa kitandani na shingo imefungwa, aliletewa sauti yake mwenyewe ikiwa imetengenezwa, akaikataa. Akasema huo ndio uanaume wa msanii. Tangu siku hiyo watu wananisimamisha njiani. Mama mmoja dukani alinishika mikono akalia. Vijana wameandika maneno hayo kwenye fulana. Wanakusifu kwa jibu ambalo hukulitoa.

Sikukuuliza, Kaka. Karatasi ile haikutoka kwenye mkoba wangu mpaka nilipompa Mwalimu airudishe. Nilikaa siku zile nikizunguka nayo, nikaenda nayo kazini, nikarudi nayo, kisha nikawaambia wenzangu umesema hapana.

Nisingizie kwamba nilikuwa nakulinda? Nimejaribu kujiambia hivyo, na si kweli. Ukweli ni kwamba niliogopa utasema ndiyo. Siku ile ya upasuaji, kabla hawajakuchukua, maneno ya mwisho uliyoyatamka kwa koo lako uliniambia mimi. Uliniambia, "Funga dirisha hilo, baridi." Basi. Nikafunga, wakaja na kitanda chenye magurudumu. Nimeishi na maneno hayo. Ni maneno ya kawaida kabisa, lakini ni ya kwako, na niliyapokea mimi. Na nilipoisikia ile sauti ikiimba kwa Meneja, nilichofikiria si heshima yako wala sanaa. Nilifikiria kwamba sasa kitu kingine kitakuja baada ya hilo dirisha, kitu ambacho hukukisema, nami nitatakiwa kusimama kando yake nikipiga gitaa huku natabasamu. Sikuweza. Nikakunyima haki ya kuulizwa kwa sababu mimi sikuweza. Madaktari walikutoa sauti wakiwa na ruhusa yako. Mimi nilikutoa neno bila ruhusa.

Juzi niliwaambia wenzangu. Mzito alivua sweta, jambo ambalo sijawahi kuliona, akalikunja, akaliweka chini, akalitazama. Mwalimu alipiga mazoezi yote amenipa mgongo. Alipomaliza kufunga dramu zake akaja akasimama mbele yangu, akaniambia kwamba yeye amesikika redioni mara mbili, na mara zote mbili ametangaza uongo, lakini wa kwanza aliutunga mwenyewe. Aliniumiza, na nilistahili. Kisha akasema hatutatoa kitu chochote mpaka uulizwe kama unavyopaswa kuulizwa, na ikiwa utasema ndiyo, atakwenda mwenyewe redioni kujisahihisha, nami nitakuwa kando yake.

Kwa hiyo pamoja na barua hii kuna flashi. Redio ya Mama mdogo inaipokea, mpe mjukuu wake aichomeke. Mle kuna albamu yote nikiimba mimi. Baada yake, mwisho kabisa, nimeiweka ile ya kompyuta. Nilimwendea Meneja nikamwomba, akanipa bila maneno mengi. Nadhani naye hana raha nayo. Isikilize au usiisikilize. Karatasi pia alinirudishia, nimeikunja humu. Ukitaka kutia saini, tia. Sitabisha wala sitanuna, nami nitapiga gitaa nyuma ya hiyo sauti kwa nguvu zangu zote, maana itakuwa wewe ndiye uliyesema. Ukikataa, kataa kwa mkono wako mwenyewe. Na ukitaka kunitukana, kurasa za nyuma nimeziacha wazi.

Lakini kuna jambo moja sikuombi, nakuarifu. Albamu ina wimbo mmoja ambao haujaisha. Ni ule wako wa taa za barabarani, ambao hukuwahi kuutia maneno. Tumeupiga sote, na katikati tumeacha nafasi, dramu na besi zinazunguka tu zikisubiri. Hapo hapatakiwi koo. Panatakiwa mikono, na Mama mdogo ananiambia mikono yako inasukuma kete za drafti bila shida yoyote. Sindano anaijua sehemu hiyo, ameomba kuijaza, nikamwambia akae.

Tunakuja Jumapili, mimi, Mwalimu na Mzito, na lori la maziwa. Gitaa lako nimelitia nyuzi mpya na nitalileta mapajani mwangu, si kule nyuma kwenye baridi. Najua hutaki kuonwa na sisi wa bendi. Basi usitoke. Hatutagonga. Tutapanga vyombo uani kwa Mama mdogo, tutaupiga wimbo huo kuanzia mwanzo, na kila tukifika kwenye ile nafasi nitaijaza mimi, na nitaijaza vibaya. Nitaweka vidole pasipo pake, nitachelewa, nitaingia kwa nyuzi zisizolingana. Nitarudia hivyo kutwa nzima, majirani wote wakisikia. Nakujua tangu nazaliwa, Kaka. Hutavumilia. Utatoka na hasira zako, na kitambaa chako shingoni, uninyang'anye hilo gitaa.

Mama anakubusu kichwani na anasema ule, hata kama huna hamu. Shemeji yako na wapwa zako wanakutakia nguvu. Msalimie sana Mama mdogo, mwandikie asijisumbue kutuandalia, na amfungie mbwa. Wasalimie na majirani uliowafunga drafti.

Ni mimi, mdogo wako niliyekufuata tumboni, ninayekuheshimu na kukupenda, na ninayekuja.